Waliochaguliwa na Walioalikwa

Mimi ni Mpresbiteri wa Chogoria na mke wangu ni Mmethodisti wa Imenti. Tumeishi pamoja miaka 31. Kwa miaka hiyo yote tumeabudu kwake na kwangu, tumetoa sadaka pande zote mbili, na watoto wetu wameimba katika kwaya za makanisa yote mawili. Watu wakituuliza tofauti yetu ni nini, kwa kawaida tunawajibu kwa mzaha, kwamba kwao wanaimba zaidi na kwetu tunakaa vikao zaidi. Lakini iko tofauti moja ambayo haina mzaha, nayo ni hii: Je, Mungu aliwachagua tangu asili wale watakaookolewa, au amewaalika watu wote, na kila mmoja ameachiwa kuitika au kukataa?

Wengi hudhani swali hili ni la wachungaji na wanafunzi wa chuo cha theolojia. Kwetu liliingia siku za msiba. Mtoto wetu wa pili aliishi siku tisa tu, akafariki kabla ya kubatizwa. Katika wiki ile ya kuomboleza, mzee mmoja wa kanisa alitutembelea na kutufariji. Alisema kwamba Bwana anawajua wateule wake, basi tumwachie yeye. Alisema kwa upole, wala sina neno juu yake. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi kando akichambua maharagwe, aliacha kuchambua.

Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawazungumzi ovyo. Wanaheshimiana kwa mbali. Kwa hiyo wageni walipoondoka naye akaniita, nilijua jambo limemlemea. Akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu mnafundishwa kwamba wako watoto ambao Mungu hakuwachagua?" Nikamwambia, "Mama, nipe muda nisome." Akasema, "Soma. Lakini usisome polepole, kwa maana mama yake halali."

Basi nilisoma, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza lililonigusa ni jinsi sisi wenyewe tulivyopata msimamo wetu. Wamethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na katika miaka ya 1910 wakaanza kazi huku Meru. Misheni ya Scotland ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine akaweka makao Chogoria. Misheni hizo zilikuwa zimepatana kugawana maeneo ili zisigombanie watu. Upande huu wa mpaka watu wakawa Wapresbiteri, na upande ule wakawa Wamethodisti. Babu yangu hakuuliza habari za John Calvin wala za John Wesley. Alikwenda kutafuta dawa ya kidonda cha mguu, akatoka amepata dawa na Injili pamoja. Kama angezaliwa mwendo wa siku moja kuelekea kaskazini, huenda leo mimi ndiye ningekuwa namuuliza mke wangu maswali ya mama yake.

Silisemi hili kuyadharau mafundisho yetu. Nalisema ili kila mmoja wetu akumbuke, kabla hajamhukumu mwenzake, kwamba wengi wetu tuliipokea imani hii kutoka kwa waliotulea kabla hatujaipima kwa Maandiko.

Sasa tutazame mafundisho yenyewe. Kanisa la Scotland lilileta huku Ungamo la Imani la Westminster, lililoandikwa Uingereza katika miaka ya 1640. Sura yake ya tatu inafundisha kwamba kabla ya kuumba ulimwengu Mungu alikusudia wengine wapate uzima wa milele, kwa neema yake tu, pasipo kutazama mema yatakayopatikana kwao. Na wengine akawaacha katika hukumu ya dhambi zao. Sura ya kumi inazungumza juu ya watoto wachanga. Inasema kwamba watoto wateule wanaokufa wakiwa wachanga huokolewa na Kristo kwa Roho wake.

Nilipofika kwenye neno lile "wateule" nilisimama. Ndilo neno alilolisikia mama mkwe wangu. Je, maana yake ni kwamba wako wachanga wengine wasio wateule? Ungamo lenyewe halisemi wako, wala halisemi hawako. Kwa zaidi ya miaka mia mbili watu walibishana juu ya ukimya huo. Ndipo mwaka 1879 moja ya makanisa ya Kipresbiteri ya Scotland likatangaza kwamba hakuna mtu anayelazimika kuamini kuwa mtoto yeyote afaye akiwa mchanga amepotea. Mwaka 1903 Wapresbiteri wa Marekani wakaenda mbele zaidi, wakatamka kwamba wanaamini wote wafao wakiwa wachanga wamo katika uteule wa neema. Na hata Sinodi ya Dort ya Uholanzi, ya mwaka 1618 na 1619, ambayo wengi huiona kuwa ngumu kuliko zote katika jambo hili, iliwaambia wazazi wanaomcha Mungu wasiwe na shaka juu ya kuchaguliwa na kuokolewa kwa watoto wao ambao Mungu amewaita mapema.

Nilikwenda kwa mama mkwe nikamweleza hayo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo walichukua miaka mia mbili kusema jambo ambalo Bwana Yesu alilisema siku walipomletea watoto." Sikuwa na jibu, wala sikulihitaji. Jioni ile alimweleza binti yake kwa maneno yake mwenyewe, wakalia pamoja, na usiku ule mke wangu alilala.

Lakini mimi niliendelea kusoma, kwa sababu swali la mtoto lilikuwa limefungua swali kubwa zaidi.

Ugomvi huu haukuanzia Ulaya. Ulianzia hapa Afrika, upande wa kaskazini. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipingana na Pelagius, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kuchagua mema kwa nguvu zake. Augustino alikuwa ameishi ujana wa tamaa, akajua kwa maisha yake mwenyewe kwamba mtu hawezi kujivua dhambi kama anavyovua koti. Alisema neema hutangulia, nayo ndiyo inayoamsha hata ile nia ya kutaka kutubu. Mtaguso uliokutana Carthage mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagius. Lakini Augustino huyo huyo alifundisha kwamba watoto wasiobatizwa hawaokoki, ingawa alisema adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Ni ajabu kwamba mwalimu aliyeitetea neema kwa nguvu namna hii alikuwa na neno gumu hivi kwa mama aliyefiwa na mchanga. Wanaoheshimu mafundisho yake leo, wengi wao hawamfuati hapo.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, Calvin alifundisha uteule kwa uwazi mkubwa. Naye aliwaonya watu wasichungulie siri za Mungu kwa udadisi, kwa kuwa atakayefanya hivyo ataingia mahali asipoweza kutoka. Baada yake, Jacobus Arminius huko Uholanzi alisema Mungu huwachagua wale anaojua tangu mbele kwamba wataamini. Arminius alifariki mwaka 1609, na Sinodi ya Dort ikawakataa wafuasi wake. Fundisho linalofanana na lake ndilo alilolishika Wesley, na kupitia kwa Wesley likafika Ribe, na kutoka Ribe likaja hadi kwa wakwe zangu.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha Wesley na rafiki yake George Whitefield. Walifahamiana walipokuwa Oxford. Mwaka 1739 Whitefield ndiye aliyemwita Wesley Bristol, akamtia moyo kuhubiri nje, mashambani, mahali walipokuwa wachimba makaa wasiokwenda kanisani. Mwaka huo huo Wesley alihubiri na kuchapisha hotuba kali dhidi ya fundisho la uteule. Alisema likiwa kweli, mahubiri hayana kazi, kwa kuwa mteule ataokoka hata asipohubiriwa, na asiye mteule hataokoka hata akihubiriwa. Tena alisema linamfanya Mungu aonekane mkatili. Whitefield alimjibu kwa barua ya tarehe 24 Desemba 1740, akiwa kwenye makao yake ya mayatima huko Georgia. Alimwambia kwamba sisi hatujui nani ni mteule na nani siye; basi ni lazima tumhubirie kila mtu, kwa kuwa mahubiri ndiyo njia ambayo Mungu hutumia kuwakusanya walio wake.

Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Mmoja alihubiria watu wote kwa sababu aliamini wote wanaweza kuokoka. Mwingine alihubiria watu wote kwa sababu hakujua ni nani kati yao atakayeokoka. Hoja zao zilipingana, lakini wote wawili walipanda farasi alfajiri, wakasimama mvuani, wakawaita wenye dhambi waje kwa Kristo. Mchimba makaa aliyesikia na kutubu hakuwa na njia ya kujua kwa kusikia mwito tu kama aliyemwita alikuwa wa upande gani.

Walitengana kwa muda, wakaumizana kwa maneno. Baadaye wakapatana kama marafiki, ijapokuwa hakuna aliyebadili fundisho lake. Whitefield alifariki Marekani tarehe 30 Septemba 1770, na kwa matakwa yake mwenyewe Wesley ndiye aliyehubiri mahubiri ya kumbukumbu yake jijini London mwezi wa Novemba mwaka huo. Mtu hamchagui asimame kwenye kumbukumbu ya kifo chake mwenzake anayedhani ni adui wa Injili.

Je, basi tofauti ni ya maneno tu? La. Nisingependa mtu yeyote amalize kusoma akidhani hivyo. Tofauti ipo, na inauma mahali pamoja hasa: kwa yule ambaye hatubu hadi mwisho. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Upande wa Wesley unasema aliitwa kweli, akapewa neema ya kutosha kuitika, akakataa. Upande wetu unasema alikataa kweli, na kosa ni lake. Lakini waliokubali hawakukubali kwa sababu ni bora kuliko yeye, bali kwa sababu Mungu aliwageuza mioyo. Hapo mke wangu huniuliza, "Na yeye kwa nini hakumgeuza?" Nami sina jibu, ila lile la Paulo katika sura ya tisa ya Warumi, kwamba chombo cha udongo hakimhoji mfinyanzi. Yeye huniambia hilo ni jibu la kumnyamazisha mtu, si la kumfariji. Nami humuuliza, "Kama uamuzi wa mwisho ulikuwa wako, je, utajisifu mbinguni kwamba wewe ulikuwa na busara kuliko kaka yako?" Naye hapo hana jibu. Kila mmoja anayo aya yake. Mimi nina Waefeso 1 na Yohana 6:44. Yeye ana 1 Timotheo 2:4 na 2 Petro 3:9. Aya hizo zote zimo katika Biblia moja, na hakuna kati yetu aliye na ruhusa ya kuirarua kurasa.

Liko pia swali la mababu. Babu wa babu yangu alifariki kabla mtu yeyote hajafika Chogoria na Injili. Alimwomba Mungu akiuelekea Mlima Kenya, hakulisikia jina la Yesu hata mara moja. Nilidhani kwamba Ungamo letu kali lingenifungia mlango hapo, na la Wesley lingeufungua. Nilipotazama vizuri niliona mambo si mepesi hivyo. Kama wokovu unategemea mtu kusikia na kuchagua, basi asiyesikia amekosa nafasi. Lakini kama wokovu ni kazi ya Mungu tangu mwanzo, yeye hazuiwi na kukawia kwa mmisionari. Ungamo lenyewe, mara tu baada ya kuwataja wachanga, linasema ndivyo ilivyo kwa wateule wengine wote wasioweza kuitwa kwa huduma ya Neno. Ni kweli pia kwamba kifungu kinachofuata ni kikali juu ya watu wasioikiri imani ya Kikristo, na sitakificha. Naye Wesley, kwa upande wake, alikataa kuwatolea hukumu watu ambao hawakusikia Injili, akasema waachwe kwa Mungu aliyewaumba. Kwa hiyo mtu wa uteule anaweza kumtumainia Mungu juu ya babu yake, na mtu wa hiari pia anaweza. Wote wawili hawawezi kutoa cheti.

Basi mimi nasimama wapi? Nasimama mahali nilipolelewa, lakini sasa najua sababu. Nimehudhuria mikutano ya ndugu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, ukapita katika makanisa yetu yote bila kuuliza nani ni wa dhehebu gani. Nimesikia mamia ya shuhuda. Sijasikia hata mmoja akisema, "Bwana alifanya sehemu yake, nami nikamalizia." Wote husema alinitafuta, alinishika, alinitoa. Wamethodisti husema hivyo sawasawa na sisi. Ndiyo maana naamini kwamba uteule ni fundisho la shukrani. Ni neno la mtu anayetazama nyuma na kuona alibebwa.

Lakini katika mikutano hiyo hiyo sijamsikia mtu akimwombea mwanawe aliyepotea kwa kusema, "Bwana, mrudishe kama umemchagua." Tunaomba kama watu wanaojua kwamba Mungu anamtaka mtoto yule kuliko tunavyomtaka sisi. Hapo hata Mpresbiteri aliye mkali hutumia maneno ya mke wangu. Nami sioni haya kuyatumia.

Kwa sababu hiyo ninayo mambo matatu ya kuwaomba washirika wenzangu.

La kwanza ni juu ya msibani. Fundisho la uteule lisitumiwe kumpima marehemu, wala fundisho la hiari lisitumiwe hivyo. Kusema "huenda hakuchaguliwa" na kusema "alikuwa na nafasi akaichezea" ni mawe mawili ya uzito mmoja yakitupwa kwa mama aliyefiwa. Tumweleze Kristo ni nani, tuosheane vyombo, tunyamaze.

La pili ni juu ya vijana. Katika darasa la kipaimara huulizwa swali hili kila mwaka, na mara nyingi mwalimu hulikwepa. Tusilikwepe. Tuwaonyeshe aya za pande zote mbili, tuwaambie kanisa letu linafundisha nini na kwa nini, tena tuwaambie kwamba watakatifu wamepishana hapa. Kijana akigundua hayo peke yake baadaye, atadhani tulimficha. Na kijana anayeogopa kwamba hakuchaguliwa aambiwe hivi: hofu yenyewe ya kumkosa Mungu si tabia ya mtu aliyeachwa. Asitafute jina lake katika kitabu ambacho hakijafunguliwa. Amtazame Kristo, ambaye hajamfukuza mtu yeyote aliyemjia.

La tatu ni juu ya Meza ya Bwana. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kutafuta namna ya kushirikiana. Mwishoni, askofu wa Kianglikana wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wascotland, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakapokea mkate pamoja naye. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na kelele zake zikafika Uingereza. Lakini lile lililofanyika Kikuyu halikufutika. Baadaye wachungaji wa Kianglikana, Kimethodisti na Kipresbiteri walisoma pamoja Limuru, wakilala katika mabweni mamoja na kubishana juu ya Warumi 9 wakati wa chai. Tukitaka kubishana, tubishane hivyo: baada ya kumega mkate, si badala ya kuumega.

Siku ile ya mwisho Bwana atatuonyesha ni nini alichokusudia tangu asili, na jinsi alivyoutumia hata ukaidi wetu. Nadhani Wesley atajifunza jambo, na Calvin pia. Mpaka siku hiyo tumepewa kazi moja isiyo na ubishi, nayo ni kwenda kuwaalika watu. Yeye aliyeiandaa karamu ndiye anayejua idadi ya viti.